Kutokwa na Utumbo, na Maisha ya Mgonjwa Baada ya Kupasuliwa

Upo ugonjwa mmoja ambao nyumbani mwetu hautajwi mezani wala barazani, nao ni ule wa kutokwa na utumbo wa mwisho kwa njia ya haja kubwa. Wengi huuita bawasiri, lakini sivyo. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Huu ni utumbo wenyewe, pamoja na tabaka zake zote, unaoshuka na kujitokeza nje kama soksi iliyopinduliwa. Kwanza hutoka mtu anapojikamua chooni, kisha hurudi wenyewe. Baadaye hauna budi kurudishwa kwa mkono. Mwisho hutoka hata akikohoa au akiinua ndoo ya maji. Na kwa kuwa msuli ufungao njia ile hutanuliwa kila siku, hulegea, mgonjwa asiweze kuzuia choo. Ndipo mama mtu mzima huacha kwenda sokoni, huacha kuketi na wenzake kanisani, nao watu humdhania kuwa na kiburi.

Watoto wadogo nao hupatwa, hasa walio chini ya miaka 4. Lakini shauri lao ni jingine kabisa. Kwao asili yake mara nyingi ni kuhara siku nyingi, utapiamlo, choo kigumu, au minyoo yenye umbo la mjeledi. Kuhara si jambo geni kwetu: kuanzia mwaka 2009 hata 2014 Haydom palikuwa pamoja katika mahali panane duniani ambapo watoto walifuatwa tangu kuzaliwa mpaka miaka 2, ili ijulikane jinsi kuhara na chakula duni vinavyowazuia kukua. Mtoto akitibiwa kuhara, akapewa dawa ya minyoo, akala vizuri, tena asiachwe kuchuchumaa muda mrefu, kwa kawaida hupona pasipo kisu. Mama ataurudisha utumbo polepole kwa kitambaa safi kilicholowa maji. Ukivimba sana, waganga hospitalini huweza kuunyunyizia sukari, nayo huvuta maji ya uvimbe hata ukanywea ukakubali kurudi. Wako wanaocheka wakisikia habari ya sukari, lakini ni kweli. Ila ukikataa kurudi, ukawa na maumivu au ukageuka rangi kuwa mweusi, mgonjwa, awe mtoto au mzee, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kwa mtu mzima dawa ni kupasuliwa. Watu wengi wa Mbulu na Hanang, wakiwa na shauri la kupasuliwa, huelekea Haydom, hospitali iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, ambayo sasa ni ya Kanisa la Kilutheri. Kwa atokaye upande wa Katesh safari si fupi, wala gharama si ndogo. Kwa hiyo ni haki mgonjwa na jamaa zake waulize mapema: Je, nitapona kabisa, au baada ya miaka michache itarudi?

Njia za kupasua ni mbili. Ya kwanza ni kupitia tumboni: mganga huuvuta utumbo juu na kuushona kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Ya pili ni kupitia chini, pasipo kufungua tumbo. Humo imo namna ya Edmond Delorme, mganga wa jeshi la Ufaransa, aliyeitangaza mwaka 1900, ambapo ngozi ya ndani huondolewa na msuli hukunjwa; na namna ya Altemeier wa Marekani, ambapo kipande kilichotoka hukatwa na ncha zikaunganishwa. Njia ya chini huweza kufanywa kwa sindano ya ganzi mgongoni, hivyo huwafaa wazee na wenye moyo dhaifu. Vijana wanaume nao mara nyingine hushauriwa hivyo, kwa kuwa njia ya tumboni huweza, ingawa si mara nyingi, kuidhuru mishipa ya fahamu ya uzazi.

Sasa twaja kwenye miaka ya baadaye. Mwaka 2013 yalitangazwa majibu ya uchunguzi uitwao PROSPER, uliofanywa zaidi Uingereza, wenye wagonjwa 293. Katika waliopasuliwa kwa namna ya Delorme, ugonjwa ulirudi kwa watu 31 hivi katika kila 100; kwa namna ya Altemeier, 24 hivi. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba namna moja yaishinda nyingine. Lakini kwa njia zote wagonjwa walisema maisha yao yamekuwa bora sana kuliko hapo kwanza.

Yatazameni maneno haya mawili pamoja. Huyu ambaye utumbo wake umerudi kutoka hakulogwa, wala si lazima kwamba mganga alikosea kazi. Yu mmoja wa wengi, naye aweza kupasuliwa tena. Nionavyo mimi, anayepaswa kuhurumiwa zaidi ni yule aliyeambiwa na jamaa kwamba akipasuliwa mara moja basi imekwisha. Ukirudi huona haya mara mbili, akajificha kuliko mwanzo.

Tena kushika choo hakurudi siku ya kutoka hospitali. Msuli uliotanuliwa kwa miaka hupata nguvu kidogo kidogo kwa miezi, na wa aliyechelewa sana huenda usipate nguvu zote. Wengine, hasa waliopasuliwa tumboni, husumbuliwa na choo kigumu. Kwa hiyo maharage, mboga za majani, matunda na maji ya kutosha visikosekane nyumbani, na kujikamua kuepukwe. Majuma ya kwanza asibebe kuni wala ndoo. Mabinti na wana wa nyumba wafanye kazi hiyo, na mume asione haya kuchota maji.

Ninyi walimu, mkiwa na mwanafunzi mwenye shida hii, mpeni ruhusa ya kutoka darasani pasipo kuomba mbele ya wenzake. Na mgonjwa aitunze karatasi aliyopewa hospitali, imeandikwa namna aliyopasuliwa. Akirudi baada ya mwaka 1 au 10, mganga atakayempokea ataiuliza kwanza.