Kinanda: simu inafundisha, ila haikuoni
Kijana wa Kibiti au wa deltani Rufiji akitaka kupiga kinanda, mara nyingi mwalimu wake wa kwanza ni simu. TaSUBa iko Bagamoyo, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002, kiko Zanzibar.

Video hukuonyesha wimbo haraka, ila haioni mkono wako. Katika skeli ya C, mkono wa kulia hupiga vidole 1-2-3, kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na kuendelea 1-2-3-4-5. Asiyesahihishwa huurusha mkono mzima. Mwendo ukiongezeka, noti zinakatika.

Halafu kuna kitufe cha transpozi, kinachohamisha do. Ni uraibu huo! Anayekitegemea hupiga kila wimbo kwa C, na piano ya kawaida haina kitufe hicho.

Mwalimu wa mara moja kwa mwezi anatosha kurekebisha gumba.