Nyumba Karibu na Bandari ya Juba: Lini Useme Hii Ndiyo

Madalali wa nyumba wa Juba wana mtindo wao. Watakuonyesha kwanza nyumba mbili mbovu, choo kimefurika, mabati yametoboka, halafu ya tatu inatokea na rangi mbichi ya krimu, vigae sebuleni na geti jekundu. Moyo unaruka. Dalali naye ananyamaza, anachezea simu yake, anakuacha ujiuzie mwenyewe. Kazi yangu ni kukagua na kuthamini majengo, na hiyo nyumba ya tatu ndiyo inayonilisha, maana watu wengi huniita wakishalipa.

Tangu Sudan Kusini ipate uhuru tarehe 9 Julai 2011, Juba haijapumzika na shughuli ya kutafuta nyumba. Wamekuja wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Kongo, wamerudi wenyeji waliokulia Khartoum na Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya, wametoka watu vijijini wakikimbia vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, wimbi jingine likashuka kupitia Renk na Malakal, na baadhi yao wakaja kwa maboti hadi hapa Bandarini, mahali ambapo watu wa Juba wenyewe hupaita Juba Port. Eneo hili la ukingo wa magharibi wa Bahr el Jebel, yaani Nile Nyeupe, si mbali na soko la Konyo Konyo, lina mvuto wake: biashara iko mlangoni, samaki ni wa leo, na jioni hewa ya mto inapita. Ndiyo maana nalitumia kama mfano. Anayeweza kupanga nyumba Bandarini bila kujuta ataweza kupanga popote mjini.

Swali la lini uache kutafuta wanahisabati walishalipigia hesabu. Fumbo lake lilipata umaarufu mwaka 1960, Martin Gardner alipolichapisha katika jarida la Scientific American, na mwaka uliofuata Dennis Lindley akachapisha jawabu. Tuseme utaona nyumba 20, moja baada ya nyingine, na ukishaikataa moja huwezi kuirudia. Jawabu linasema uzipitie asilimia 37 za mwanzo, yaani kama 7 hivi, bila kuchukua hata moja, kisha uchukue ya kwanza itakayozishinda zote hizo. Ukifanya hivyo, nafasi yako ya kupata iliyo bora kuliko zote inafika kama asilimia 38, na huwezi kupata zaidi ya hapo.

Kwa Juba hesabu hiyo inakwama mapema. Hujui nyumba ziko ngapi, gesti unayolala inadai pesa kila asubuhi, na nyumba nzuri haimalizi wiki sokoni. Mimi nachukua kipande chake kimoja tu: nyumba za mwanzo ni za kujifunzia bei na kujua mji, kwa hiyo usiende nazo na pesa mfukoni. Baada ya hapo namfuata Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Kwake yeye binadamu hahangaiki kutafuta kilicho bora kuliko vyote. Anaweka kiwango, na cha kwanza kinachokifikia anakichukua na kuendelea na maisha. Wapo wanaoliona hilo ni uvivu. Mimi naona ndiyo akili yenyewe, mradi kiwango kiwekwe kabla hujaiona rangi ya geti.

Kiwango changu kinaanza na maji.

Bandarini unauona mto, unasikia injini za maboti, na bado maji ya kuogea yatakufikia kwa lori. Mabomba ya mji yanafika kwa wachache. Sehemu kubwa ya Juba inategemea malori ya tangi yanayojaza maji kutoka Nile na kuzunguka mitaani kumwaga kwenye matangi ya juu, ya chini ya ardhi, au kwenye mapipa ya lita 200. Wasio na tangi wananunua madumu kwa wauzaji wa baiskeli na mikokoteni. Visima vipo, lakini baadhi vina maji ya chumvi yasiyofaa hata kwa chai. Kwa hiyo mpangaji wa Juba anapanga vitu viwili kwa pamoja, chumba na njia ya lori, na cha pili ndicho kinachokula mshahara.

Tupige hesabu. Lita 50 kwa mtu kwa siku ni kiasi cha kuishi kwa heshima. Lita 15 ndicho kiwango cha chini kinachotumika kwenye kambi za dharura. Familia ya watu 6 kwa lita 50 inatumia lita 300 kwa siku, lita 9,000 kwa mwezi. Nyumba yenye tangi la lita 5,000 itaita lori takribani kila baada ya siku 16. Yenye tangi la lita 1,000 haitimizi siku 4, na madereva wengi hawapendi kusimama kwa kazi ndogo namna hiyo, kwa hiyo utaishia kwenye madumu, na maji ya dumu, lita kwa lita, ni ghali kuliko ya lori. Ndiyo maana nyumba yenye kodi ndogo inaweza kukumaliza mfuko kuliko ile ya jirani yenye kodi kubwa. Uliza bei ya lori kwa majirani watatu, si kwa dalali, tena uliza bei ya sasa na bei ya siku mafuta yanapoadimika.

Halafu toka nje uitazame njia. Lori lenye lita 10,000 limebeba tani 10 za maji kabla hujahesabu chuma chake. Mwezi Februari kichochoro ni kigumu kama saruji; Agosti ni uji. Uliza lori husimama wapi mvua ikikolea na mpira wake unafika hadi wapi. Gari la kunyonya choo linapita njia hiyo hiyo, na lisipofika kwa miezi miwili utajua vizuri ulipanga nyumba gani.

Usafi wa maji hayo ni jukumu lako pia. Kipindupindu kiliripuka Juba mwaka 2014, kikarudi 2015 na 2016, na Oktoba 2024 mlipuko mwingine ukatangazwa nchini. Panda juu ufunue tangi. Kama mwenye nyumba hataki ulifunue, umeshapata jibu.

Baada ya maji ya kunywa yanakuja maji ya kukimbia, na hapa Bandarini pana somo lake. Watu hudhani mto hupanda mvua ikinyesha Juba. Msimu wa mvua, kuanzia Aprili hadi karibu Novemba, una mchango wake, pamoja na vijito vya msimu vinavyoteremka kutoka milimani upande wa kusini. Lakini mzigo mkubwa wa Bahr el Jebel unatoka Ziwa Victoria, kupitia Jinja, Ziwa Kyoga, Ziwa Albert, kisha Nimule. Mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kikaivuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na mwaka 2024 ziwa likapanda tena juu ya hapo. Maji hayo huchukua muda kufika, lakini hufika. Anayetaka kukaa hatua chache kutoka gatini asikilize redio za Uganda kama anavyosikiliza za hapa. Mto unaweza kumwingilia ndani na juu kuna jua kali.

Kuna nyumba moja niliyoitwa kuikagua huko karibu na gati. Rangi ilikuwa mpya, lakini kwa kuitazama ubavuni, jua likiwa chini, iling'aa zaidi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, kana kwamba ukuta umevalishwa soksi. Nilipoigonga plasta ikalia tupu. Kwenye kona, chumvi nyeupe ilishaanza kuchomoza chini ya rangi. Soketi zote za umeme zilikuwa usawa wa kifua. Mwenye nyumba, mzee mpole mwenye fimbo, akaniambia ni kwa usalama wa watoto. Nje, chini ya kibanda cha rakuba, kulikuwa na mama wa chai aliyejifunzia Kiswahili Kakuma. Alinimiminia glasi, akasubiri mzee aingie ndani, akasema, "Ndugu yangu, hapa hakuna watoto. Uliza mzee maji ilifika wapi." Kisha akainua kiganja chake hadi juu ya meza yake ya chai, akakishikilia pale.

Ripoti yangu ilikuwa ndefu, ila yote ya maana yalikuwa kwenye kiganja kile. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: kabla ya kurudi mara ya pili, nunua chai mtaani na ukae. Mwenye nyumba ana sababu ya kukuficha, dalali ana sababu mbili, mama wa chai hana hata moja.

Maji ya mto yakiwa juu, maji ya ardhini nayo hupanda, na choo cha shimo kilichochimbwa bondeni hujaa kutokea chini. Ukihamia Gudele, Munuki au kule Jebel, shida inageuka: ardhi ya mawe haifuriki kirahisi lakini kuchimba choo ni kupasua mwamba, na huko nako kuna makhor, mikondo inayokauka kabisa miezi ya kiangazi, watoto wakacheza mpira ndani yake, kisha Julai ikabeba ukuta wa mtu. Kiwanja kikubwa cha bei rahisi kando ya khor kina sababu ya kuwa rahisi.

Joto nitalisema kwa ufupi kwa kuwa kipimo chake ni chepesi. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikafunga tena. Basi nenda ukaione nyumba saa nane mchana, ingia chumba cha kulala, funga mlango, kaa humo kwa muda wa kunywa soda moja. Bati lisilo na dari litakwambia lenyewe. Uliza pia kama mita ya kampuni ya umeme ya Jedco ipo na inasoma jina la nani, au kama unaletewa waya na jirani mwenye jenereta, maana hizo ni bei mbili zisizofanana kabisa.

Karatasi sasa. Sheria ya Ardhi ya 2009 inamruhusu mgeni kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki, kwa hiyo ndugu yangu wa Nairobi au Kampala anayeambiwa "nunua kabisa" atulie kidogo. Ardhi ya Juba ina historia nzito: ni ardhi ya asili ya Wabari, ikapimwa viwanja vya madaraja na serikali, ikavamiwa wakati wa vita, ikauzwa na waliobaki wakati wenyewe wako ukimbizini. Si ajabu kiwanja kimoja kikawa na watu wawili wenye karatasi. Mwaka 2009 makazi mengi yasiyopimwa yalibomolewa, na aliyekuwa mpangaji hakuwa na wa kumdai. Mtu anayepanga kwa mwaka mmoja hahitaji kumaliza historia hiyo. Anahitaji kumwona mwenye jina kwenye hati, na kumuuliza chifu wa boma kama nyumba ina kesi. Nenda na mtu anayefahamika mtaani. Mgeni peke yake huambiwa kila kitu ni salama.

Kuhusu pesa, kumbuka Desemba 2015. Benki Kuu ilipoiachia pauni ielee, dola ilitoka kwenye pauni 2.96 hadi karibu 18.5 kwa mkupuo, na tangu hapo kushuka hakujaisha. Kodi nyingi hutajwa kwa dola na kulipwa kwa pauni. Ugomvi wote unazaliwa hapo. Mkataba useme sarafu gani, bei ya kubadilishia ya wapi, na ya siku gani. Mkataba usiosema hayo ni barua ya salamu.

Ukiwa umeweka kiwango hivi, kusema "hii ndiyo" si jambo la moyo kuruka tena. Nyumba ikipita kwenye maji, njia, ukuta, joto na jina, ichukue. Usiende kuona nyingine kesho eti pengine ipo nzuri zaidi. Ipo, bila shaka, lakini utakapoipata, hii itakuwa na mtu.

Na kiwango si cha watu wote. Nilikuwa na mteja, mama muuza samaki, aliyejua yote niliyoyaandika hapa na bado akataka kukaa bondeni. Maboti ya Terekeka na Bor hayamsubiri mtu. Akikaa Gudele atalazimika kupanda boda gizani kila alfajiri, na kwa mwanamke peke yake hilo lilimtisha kuliko mto. Hakuomba nyumba isiyofurika. Aliomba choo kiinuliwe kwa matofali, na mashelfu yajengwe juu ya usawa wa meza. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima. Mama akashikilia miezi mitatu mitatu, na kifungu kwamba maji yakivuka kizingiti kodi inasimama hadi yatoke. Walibishana mchana kutwa kama ni kizingiti cha geti au cha mlango. Wakaandika cha mlango, naye akalipa.