Kwa nini nyumba ya wamisheni huja na mkopo, na kwa nini mkopo huo hauna riba

Ukisikia wamisheni wamejengea nyumba familia maskini, picha inayokuja kichwani ni ile ile. Wageni wenye fulana za rangi moja, funguo zinakabidhiwa, sala inasaliwa, mama analia kwa furaha. Nyumba ya bure, kila mtu arudi kwao.

Habitat for Humanity, shirika la Kikristo ambalo leo linafanya kazi katika nchi zaidi ya 60, lilianza kwa kulikataa hilo neno "bure". Familia ilikopeshwa nyumba na kulipa kidogo kidogo kwa miaka, bila riba hata senti moja. Na kabla shirika lenyewe halijazaliwa, mpango huo ulijaribiwa Afrika, katika mji wa Mbandaka kando ya Mto Congo.

Tajiri aliyegawa mali

Mwanzilishi wake, Millard Fuller, alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, Marekani. Alikuwa milionea wa dola kabla hajafikisha miaka 30. Hela zilipoingia, ndoa ikayumba, na mkewe Linda akaondoka nyumbani. Walipopatana walikubaliana jambo ambalo wengi wangeliita wazimu: kuuza walichonacho, kugawa fedha na kuanza upya.

Mwaka 1965 wakafika Koinonia, shamba la Kikristo karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Lilianzishwa mwaka 1942 na kundi dogo akiwemo Clarence Jordan, mhubiri mwenye shahada ya kilimo na udaktari katika Agano Jipya la Kigiriki. Hapo Weusi na Wazungu walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Kwa Georgia ya miaka ya 1950, hilo tu lilitosha kuwaletea risasi, mabomu na mgomo wa wafanyabiashara waliokataa kuwauzia au kununua mazao yao.

Jordan na Fuller waliwatazama majirani wa shamba, vibarua walioishi kwenye vibanda vibovu, wakaona kwamba sadaka haitawatoa pale. Watu hao walikuwa na nguvu na walijua kazi. Walichokosa ni mtaji, na benki zisingewatazama mara mbili. Mwaka 1968 wakabuni mfuko wa kuwakopesha nyumba bila faida na bila riba, wakisimamia agizo la Kutoka 22:25 linalokataza kumtoza maskini riba. Jordan alifariki Oktoba 1969, kabla nyumba ya kwanza haijakamilika.

Kutoka Georgia hadi Mbandaka

Mwaka 1973 Fuller, mkewe na watoto wao walihamia Zaire, yaani Congo ya sasa, kufanya kazi na kanisa la huko. Alikuta kiwanda cha kanisa cha kufyatua matofali ya saruji kikisuasua, akakifufua. Kisha ukaja mpango wa kujenga nyumba zaidi ya 100 kwenye kiwanja kilichokuwa wazi katikati ya mji.

Kiwanja hicho kilikuwa na historia yake. Enzi za Wabelgiji kilitenganisha makazi ya Wazungu na ya Waafrika, na kiliitwa Bokotola, jina linalomaanisha mtu asiyewajali wenzake. Nyumba zilipoanza kusimama pale, mahali hapo pakapewa jina jipya, Losanganya, lenye maana ya kupatanisha na kukusanya pamoja.

Fuller alirudi Marekani mwaka 1976, na mwaka huo huo Habitat ikaundwa. Kenya ilifikiwa mapema miaka ya 1980, Uganda na Tanzania zikafuata muongo huo huo.

Mkopo unafanyaje kazi?

Familia haikai pembeni kusubiri. Inachangia nguvu kazi: kubeba maji, kusomba mchanga, kufyatua matofali, kusaidia fundi. Ikishahamia inaanza marejesho, na fedha hizo hazirudi kwa mfadhili. Zinaingia kwenye mfuko na kujenga nyumba inayofuata. Kwa hiyo mama akichelewesha marejesho, anayeumia ni jirani aliye kwenye foleni, ambaye huenda wanasali kanisa moja.

Kwa msomaji wa Tanzania anayeijua mikopo ya kausha damu, ambapo mtu anakopa laki moja na kujikuta amenyang'anywa hadi godoro, mkopo usio na riba unasikika kama ndoto. Lakini una tatizo lake, na si dogo.

Tatizo hilo ni bei. Familia ikikopa leo na kulipa kiasi kile kile kwa miaka 10, huku shilingi ikishuka kila mwaka, marejesho ya mwisho hayatanunua hata mlango. Mfuko unayeyuka bila mtu yeyote kuiba. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi za Afrika marejesho yalipimwa kwa saruji: familia inadaiwa thamani ya mifuko kadhaa, na kila mwezi inalipa kulingana na bei ya mfuko dukani.

Kuna waliohoji kama hiyo si riba iliyovalishwa nguo nyingine. Kwa hesabu, hapana: aliyekopa mifuko 60 anarudisha mifuko 60. Ila ukimwuliza mkulima ambaye bei ya mahindi yake haikupanda pamoja na saruji, atakuambia mzigo umeongezeka, na hatakuwa anadanganya.

Vipi kuhusu wageni wanaokuja kujenga?

Hapa ndipo mjadala unapopamba moto, hata ndani ya makanisa yenyewe. Yapo makundi mengi, hasa kutoka Marekani, yanayosafiri kwa wiki moja kujenga nyumba na kuitoa zawadi. Mpakani mwa Mexico, kwa mfano, kuna huduma zinazosimamisha nyumba ndogo ya mbao yenye sakafu ya zege kwa siku chache tu.

Mwaka 2006 mwanasosholojia Kurt Ver Beek, Mmarekani anayeishi Honduras, alichapisha utafiti kuhusu nyumba zilizojengwa nchini humo baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Alilinganisha familia zilizojengewa na makundi ya wamisheni wa muda mfupi na zile zilizojengewa na mashirika ya Kikristo ya Wahonduras. Kwa familia hakuona tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: nyumba ya mafundi wa Honduras iligharimu kama dola 2,000, wakati ile ya wageni, ukijumlisha safari yao, ilifika kama dola 30,000.

Wanaotetea safari hizo husema mgeni hurudi kwao akiwa mtu mwingine, mkarimu zaidi. Ver Beek alilipima na hilo pia, akakuta mabadiliko ya kudumu ni madogo. Bado si haki kuwacheka vijana wanaotumia likizo yao kuchanganya zege juani. Ila fundi wa kijijini anayeshinda kijiweni akisubiri kibarua naye ana haki ya kuuliza kwa nini tofali lipangwe na mtu aliyepanda ndege.

Anayebaki nje

Mkopo, hata usio na riba, unamtaka mtu awe na kipato. Nyumba, hata ya zawadi, inataka kiwanja. Kwa hiyo anayeishi kwenye ufukara wa kupindukia, asiye na kimoja wala kingine, ndiye rahisi kurukwa: mpangaji wa chumba cha mabanzi, mjane aliyefukuzwa na mashemeji, bibi anayelea wajukuu yatima.

UKIMWI uliliweka wazi jambo hilo. Katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika, Habitat ililazimika kulegeza kanuni yake yenyewe na kujengea nyumba bila mkopo familia zenye yatima, zikiongozwa na bibi au hata na mtoto mkubwa. Nyumba ni ndogo, choo pembeni.

Na kazi haikuishia kwenye kupaua. Familia hizo zilifundishwa pia sheria za mirathi na jinsi ya kuandika wosia, ili siku bibi akifariki, ndugu wasije wakawatoa watoto ndani.