Mume Wangu Yuko Kuzimu, Mimi Niko Sebuleni

Saa nane usiku, Sakina. Ni Julai, na baridi ya Mlima Meru haina huruma na mtu. Nageuka kitandani, upande wa pili mtupu, shuka la baridi kama halijalaliwa. Mpenzi msomaji, najua umewaza nini, maana hata mimi niliwaza hichohicho. Nikanyata mpaka sebuleni nikijiandaa kumkuta Baba Junior na simu sikioni, anaongea kwa ile sauti ya chini. Nikamkuta amevaa sweta la marehemu baba yake, hedifoni masikioni, macho kwenye kompyuta, anapigana na mashetani.

"Uko wapi wewe?" nikamuuliza, nikimaanisha mbona huji kulala.

"Ghorofa ya kumi na tano," akanijibu bila kugeuka.

Kwa dada zangu ambao hamjaolewa na mcheza gemu, ngoja niwape shule kidogo. Gemu lenyewe linaitwa Diablo, la kampuni ya Blizzard ya Marekani, lilitoka mwishoni mwa 1996. Baba Junior alilijulia chuo, enzi za kuazimana CD, na hajawahi kulitoa kwenye ile kompyuta yake ya mezani. Unachagua mtu wako, unamlea, unamtafutia silaha na dawa, anazidi kupata nguvu. Kuna kijiji kinaitwa Tristram, na chini ya kanisa la kijiji kuna shimo lenye ghorofa 16, ila zinashuka badala ya kupanda. Nne za kwanza ni kanisa lenyewe, nne zinazofuata ni makaburi ya chini kwa chini, nne mapango, na kuanzia ya 13 mpaka ya 16 ni jehanamu yenyewe. Bosi wa mashetani anakusubiri chini kabisa. Magemu mengi ya aina hii yana ramani hiyohiyo: handaki la mwisho ndiyo mlango wa kuzimu, na ukishafika pale hakuna maongezi, ni kuua au kuuawa.

Sasa, mwanaume mwenye kazi yake na mtoto wa miaka minne anafanya nini kuzimu saa nane usiku? Mimi nilijibu swali hilo haraka sana: ananikimbia. Tulikuwa hatuongei kitu zaidi ya ada, gesi na nani anamfuata Junior shule. Nikimgusa, amechoka. Nikimuuliza, "niko poa tu". Nikawaita mashosti wangu wawili, tukakaa kikao, likatoka azimio kwamba ile kompyuta iuzwe.

Sikuiuza. Nilifanya kitu kibaya zaidi. Alhamisi moja nikaangalia mita ya LUKU, nikakuta uniti mbili. Nikanyamaza. Nikapika, nikapasi nguo za wiki nzima (pasi inakula umeme vizuri), nikaenda kukaa kwenye kochi kusubiri. Saa tatu na dakika kadhaa, pu! Giza.

Alipiga kelele moja tu. Halafu kimya. Wanaojua gemu hili wanajua kwamba usipokumbuka kuhifadhi ulipofika, umeme ukikatika umepoteza kazi yote. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu ya ushindi, lakini yakanikwama, kwa sababu kwenye lile giza nilisikia kitu ambacho sikukisikia hospitalini wala siku ya mazishi. Mume wangu alikuwa analia.

Baba mkwe alifariki Aprili. Baba Junior ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo alisimamia kila kitu: jeneza, turubai, viti, chakula, magari ya kutoka Arusha kwenda Machame, ratiba ya ibada, na michango iliyokuwa inaingia kwenye simu yake mpaka saa sita usiku. Wanaume wetu wakifiwa wanapewa pole, halafu wanapewa bajeti. Kila mtu alimsifia siku ile. "Kijana amesimama kiume." Mimi pia nilimsifia, jamani, nilijivunia. Tuliporudi Sakina Jumatatu akaenda kazini.

"Kule chini angalau najua nani wa kumpiga," akaniambia kwenye giza.

Usiku ule aliniambia mambo mengi. Mojawapo ni jinsi Diablo inavyoisha, nami nalieleza hapa kwa sababu gemu lenyewe lina umri wa kuoa. Shujaa anashuka mpaka ghorofa ya 16, anamuua shetani mkuu, anachomoa jiwe lenye roho yake. Halafu analichomeka kwenye paji la uso wake mwenyewe, aifungie ile roho ndani ya mwili wake asimsumbue mtu mwingine. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2000, linatuonyesha kilichotokea: lile jiwe lilimshinda, na yule aliyepanda juu akiitwa shujaa akawa ndiye shetani mwenyewe anayetangatanga. Baba Junior alikuwa ameshalimaliza mara nyingi tangu chuo. Akasema safari hii kila akikaribia mwisho alikuwa anarudi nyuma kidogo, hataki kufika.

Kesho yake nilinunua LUKU. Kuomba msamaha sikujua nianzie wapi, nikakaa nao.

Krismasi ikafika. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Junior, alipanda kutoka Dar na PlayStation 5 kwenye begi, akalala kwetu siku mbili kabla ya safari ya nyumbani. Ndani ya begi kulikuwa na gemu ambalo alisema lazima kaka yake alione. Linaitwa Tales of Kenzera: Zau.

Hapa ndipo mimi, mwanamke wa Tanga nisiyejua hata kushika pedi (ya gemu, jamani), nilipovuta kiti. Kwanza, watu walikuwa wanaongea Kiswahili. Gemu lilitoka Aprili 2024 chini ya kampuni kubwa ya Electronic Arts, na unaweza kulicheza na sauti za Kiswahili. Aliyelibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wenye asili ya Kenya. Kama mnacheza Assassin's Creed mnamjua kwa sauti: ndiye Bayek wa lile la Misri la mwaka 2017. Babu yake alikuwa mganga, na hadithi za mizimu alizipata kwa baba yake. Baba huyo alifariki kwa saratani miaka kama kumi kabla ya gemu kutoka. Salim aliigiza, akapata jina, na kile kifo bado kilikuwa kimekaa palepale, hakina pa kwenda. Mwaka 2019 akaanzisha studio yake, Surgent. Desemba 2023 akapanda jukwaani kwenye tuzo za magemu kule Los Angeles, akalitangaza gemu lake akimzungumzia baba yake.

Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Haendi kuzimu kuua mtu. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kumpa ofa: nikikuletea mizimu mitatu mikubwa iliyogoma kwenda kuzimu, unirudishie baba. Kalunga anakubali, na wanafunga safari pamoja. Wataalamu wa magemu watanikosoa kwamba hili si la aina ileile ya Diablo, ni la kuruka na kutafuta njia. Sawa, nakubali. Mapigano yapo tele, Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kila kimoja kina namna yake ya kupiga. Lakini jina Kalunga halikuokotwa tu. Kwa Wakongo, Kalunga ni ule mpaka wa maji kati ya walio hai na wafu. Na sisi wenyewe, angalia lugha yetu: mzimu, mizimu, kuzimu. Ni mahali wanapokaa watu wetu. Moto na mapembe tumeletewa baadaye.

Kitu kilichonimaliza ni mibuyu. Njiani kuna mibuyu, na ukifika kwenye mmoja Zau anakaa chini yake, anatulia, anaongea kuhusu baba yake, na Kalunga anamsikiliza. Akinyanyuka, uhai wake umeongezeka. Yaani gemu linakulipa kwa kukaa chini na kusema umefiwa.

Mbuyu wa kwanza shemeji alitaka kuuruka tuendelee na mapigano. Baba Junior akamwambia, "Acha. Kaa." Wakakaa wale wanaume wawili kwenye kochi langu, hawaangaliani, wanaangalia televisheni. Zau alipomaliza kuongea, shemeji akasema, "Kaka, siku ile mimi sikuingia wodini. Nilikuwa nje, niliogopa." Miezi minane alikuwa hajaisema hiyo. Nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Tarehe 24 tukaondoka, mashine tukaibeba, foleni ya Tengeru tukaivumilia, tukakata kona pale Kwa Sadala kupanda Machame. Mama mkwe alipoona wanawe wakubwa wamejifungia chumbani na televisheni aliuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba ni gemu la kijana anayemfuata baba yake kuzimu.

"Kama Marwe," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Marwe ni msichana wa hadithi ya Kichaga, na kama hukulelewa mlimani unaweza kuisoma kwenye kitabu cha Alice Werner cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Yeye na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage lisiliwe na nyani. Wakaondoka kidogo, waliporudi nyani wamemaliza. Kwa kuogopa wazazi, Marwe akajitupa kwenye dimbwi. Akazama, akazama, akatokea kwenye nchi ya wafu, nyumbani kwa bibi kizee. Hapakuwa na bosi wa kupigana naye. Akaishi pale na yule bibi, mpaka alipokumbuka kwao. Bibi akamuuliza: unataka cha moto au cha baridi? Marwe akachagua cha baridi, akaingiza mikono kwenye chungu, akaitoa imejaa bangili. Ndipo akarudishwa juu, akakaa ukingoni mwa dimbwi. Wenye vyeo wakaja kumposa akawakataa wote, akamchukua Sawoye, mwanaume ambaye ngozi yake ilikuwa imeharibika kwa ugonjwa na hakuna aliyemtaka. Baada ya kuolewa, ngozi ikapona.

"Kwa nini alichagua cha baridi, mama?" nikamuuliza.

"Wewe ungechagua nini?"

Nikafikiria pasi, nguo za wiki nzima, uniti mbili. Nikamweleza mama mkwe habari ya LUKU, yote, nikitegemea anikemee. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akanipeleka mpakani mwa kihamba, akanionyesha mmea wa sale, akaniambia chuma jani, lifunge fundo, umpe. Kwa Wachaga ukiletewa sale na aliyekukosea, kukataa ni mwiko. Mimi miaka sita ya ndoa nilidhani yale ni maua ya uzio.

Nilimkuta Baba Junior migombani, kwenye kaburi. Hakuwa amesimama kama siku ya mazishi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na kandambili zake, anaongea. Nilisikia kipande tu: bei ya kahawa, Junior kuanza chekechea, ile foleni ya Tengeru, shemeji na wodi. Nikasubiri kwenye migomba mpaka aliponiona. Nikampa lile jani. Aliliangalia, akaangalia fundo nililolifunga vibaya.

"Nani amekufundisha hili?"

"Mama."

"Ni kwa ajili ya LUKU?"

"Ni kwa ajili ya LUKU."

Akasogea kunipa nafasi kwenye nyasi.

Shemeji alirudi Dar na mashine yake tukiwa tumebakiza kipande cha mwisho, kwa hiyo kama Kalunga alitimiza ahadi au la, mimi sijui, na wewe mwenye kujua usinitumie meseji. Atapanda tena Pasaka. Kompyuta ya mezani bado ipo pale sebuleni Sakina, Diablo imo, na mtu wa Baba Junior amesimama ghorofa ya 13, alipomhifadhi mara ya mwisho. Juzi alimshusha moja. Saa nne na nusu akazima, akaja kulala.