Umoja wa Simba Madume na Mambo Yawezayo Kuuvunja

Mtu akaaye Nyacheki, katika nchi ya Bobasi, Kaunti ya Kisii, hana sababu ya kuogopa simba atokapo nyumbani alfajiri kwenda kuchuma majani ya chai. Milima ya Wagusii imejaa nyumba, migomba na mahindi, na simba hawana mahali pa kukaa huko tena. Lakini Trans Mara iko jirani, ng'ambo ya mpaka tu. Ng'ombe hununuliwa huko, na mbwa na wachungaji huenda na kurudi. Mbele zaidi, chini ya mteremko mkubwa wa Oloololo, ndipo yanapoanza majani marefu ya Mara, na huko simba wangalipo. Kwa hiyo habari za simba hao si habari za nchi ya mbali. Wengi wamesikia majina ya madume mashuhuri ya Mara, ila si wengi waelezwao kwa nini madume hayo hutembea wawili, watatu au wanne pamoja, wala kwa nini umoja wao ukivunjika msiba hauwapati wao peke yao.

Kundi la simba ni mali ya majike. Mama, mabinti, dada na shangazi hukaa katika nchi moja maisha yao yote, nao huirithishana. Madume ni wapitaji. Mtoto wa kiume afikapo umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, hufukuzwa au huondoka mwenyewe pamoja na ndugu zake na wana wa mama zake wadogo waliozaliwa wakati mmoja naye. Miaka ifuatayo ni ya taabu tupu. Vijana hao hawana nchi, hawajui kuwinda vizuri, nao hufukuzwa kila waendako. Huu ndio wakati ambapo simba kijana huonekana karibu na maboma ya ng'ombe, maana ng'ombe hana mbio za pundamilia.

Asiye na ndugu hutafuta rafiki. Watu walidhani zamani kwamba madume waendao pamoja ni wa damu moja siku zote, lakini wataalamu wa Serengeti, ambako simba wamechunguzwa tangu mwaka 1966, walipopima damu yao waliona sivyo. Miungano mikubwa, ya madume wanne au zaidi, huwa ni ya ndugu wa kweli. Katika miungano ya wawili au watatu, mara nyingi yumo mgeni. Sababu yake ni ya hesabu. Palipo na madume wengi, wachache tu ndio wapatao watoto, na dume atakayekosa watoto wake mwenyewe afadhali awalinde watoto wa nduguye kuliko wa mtu baki. Dume aliye peke yake kabisa ni nadra sana kupata kundi la majike, na akilipata hadumu nalo.

Mwungano ukipata nguvu huvamia. Madume wenye nchi hufukuzwa, na kama hawakukimbia upesi huuawa. Kisha wageni huwaua watoto wadogo wanaowakuta. Jambo hili huwachukiza watu wengi walisikiapo, lakini halifanywi kwa ukatili wa bure. Jike mwenye watoto wanaonyonya hamtaki dume, na aweza kukaa hivyo mwaka mmoja na nusu au zaidi. Akifiwa na watoto huwa tayari kuchukua mimba tena baada ya muda mfupi. Nao wageni hawana muda wa kungoja, kwa sababu wengi hukaa na kundi miaka miwili au mitatu tu kabla ya kuondolewa na wengine. Ndiyo maana afya ya madume ni uhai wa watoto. Dume mmoja akianguka kwa mshale, mtego au maradhi, waliobaki huwa wanyonge, majirani hutambua hivyo kwa kusikiliza, na watoto wa kundi zima huwa hatarini.

Neno hilo la kusikiliza si la kubuni. Mngurumo wa simba husikika umbali wa kilomita nane usiku ukiwa umetulia, na majirani huuhesabu. Wataalamu walifanya jaribio huko Serengeti: walitega vipaza sauti porini, wakacheza sauti za simba wageni zilizonaswa. Majike walisogea kupigana walipokuwa wengi kuliko sauti walizosikia, na walisita walipokuwa wachache. Madume wenye nchi walikwenda kuielekea sauti hiyo, hata yule ambaye mwenzake hakuwa ndugu yake wa damu. Manyoya ya shingoni nayo yana maana yake. Yakiwa meusi na mengi, ni dalili ya dume mwenye chakula cha kutosha na nguvu za kupigana. Majike huyapenda, na madume wengine huyaogopa. Dume mgonjwa au aliyejeruhiwa hawezi kuyaficha mambo yake.

Katika Mara mwungano uliojulikana kuliko yote katika miaka ya karibuni ni ule wa madume wanne: Scarface, Morani, Sikio na Hunter. Walitokea yapata mwaka 2012, wakajitwalia nchi za kundi la Marsh, karibu na bwawa la Musiara, na baadaye nchi nyingine. Scarface alipata jina lake kwa sababu ya kovu kubwa lililokaa juu ya jicho lake la kulia. Aliumia tena na tena, na madaktari wa wanyama walimtibu, jambo ambalo simba wa zamani hawakulijua. Wako wasemao kwamba yafaa kuyaacha maumbile yafanye kazi yake. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa jeraha limetokana na ukucha wa simba mwingine. Ikiwa limetokana na mkuki au waya, si kazi ya maumbile hata kidogo. Scarface alikufa kwa uzee tarehe 11 Juni 2021, akiwa na umri wa miaka kama 14. Dume wa porini ni mara chache kufika umri huo. Mwisho wa kawaida ni ule uliompata Bob Junior wa Serengeti, aliyetawala miaka mingi pamoja na nduguye, akauawa na madume vijana mwezi wa Machi 2023.

Lakini vita vya simba kwa simba haviwamalizi simba. Maradhi yaweza. Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakipepesuka na kuanguka kama wenye kifafa. Walipopimwa ilionekana kwamba wameshikwa na ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Katika mwaka ule walikufa simba wapatao 1,000 katika 3,000, yaani mmoja katika kila watatu, na ugonjwa ukavuka mpaka ukaingia Mara. Nguvu za dume hazikumfaa kitu. Wenye nyumba, watoto wao na wavamizi wao walikufa pamoja.

Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba damu ya simba ilionyesha dalili za distempa hata katika miaka mingine ambayo hakuna simba waliokufa kwa wingi. Jibu lilipatikana baadaye, na mfugaji wa Kisii atalielewa upesi. Kabla ya msiba ule kulikuwa na ukame mkubwa mwaka 1993. Nyati walidhoofika, na mvua zilipokuja kupe waliwajaa. Simba walikula nyati hao wanyonge kwa wingi, nao wakapata kupe na vijidudu vya damu wanavyovileta, vya jamii moja na vile vimfanyavyo ng'ombe akojoe damu. Kwa kawaida simba huvivumilia vijidudu hivyo. Distempa ilipokwisha kuvunja kinga ya mwili, havikuvumilika tena. Magonjwa mawili yalisaidiana kuua, na mambo kama hayo yalitokea tena katika Bonde la Ngorongoro mwaka 2001.

Ngorongoro ilikuwa imekwisha kuonja msiba wa namna nyingine. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi mno, wadudu wanaouma, mfano wa nzi wa zizini, walizidi hata simba wakawa na vidonda mwili mzima, wasiweze kuwinda. Kabla ya hapo simba wa bonde lile walikuwa kama sitini au zaidi; walibaki majike tisa na dume mmoja. Kisha wakaingia madume saba kutoka nje. Hao ndio waliokuwa baba za simba wa miaka iliyofuata, na kwa muda mrefu hakuna wageni wengine waliofaulu kukaa. Uzao wao ulikuwa mwingi, lakini damu ilikuwa ile ile.

Tangu msiba wa mwaka 1994 mbwa wengi wa vijijini kandokando ya Serengeti wamechanjwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Chanjo ya kichaa ndiyo iwapendezayo wenyeji zaidi, na ni haki yao, kwa kuwa ugonjwa huo huua watoto wao. Mbwa wa mchunga ng'ombe apitaye Trans Mara yumo katika hesabu hiyo hiyo, ajapokuwa hajaona simba hata siku moja.

Adui mwingine ni sumu. Mwezi wa Desemba 2015 mzoga wa ng'ombe ulitiwa dawa ya wadudu katika Mara, baada ya simba kuua mifugo. Kundi la Marsh liliula. Simba jike mzee Bibi, mwenye miaka 17, alikufa, na wengine pamoja naye. Baadhi waliokolewa na madaktari waliowahi kufika. Tumbusi waliotua juu ya mzoga walikufa pia. Mwenye ng'ombe aliyepata hasara ana malalamiko ya haki, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inasema kwamba hasara hiyo hulipwa fidia, ingawa malipo yamekuwa yakikawia na subira ya watu kwisha. Lakini mzoga wenye sumu hauchagui. Huwaua majike, watoto na fisi, naye dume mwizi huenda asiwepo usiku ule. Hesabu ya wanyama iliyofanywa Kenya mwaka 2021 ilikuta simba 2,589 nchi nzima.

Uganda nako, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, wamo ndugu wawili, Jacob na Tibu. Jacob alinaswa na mtego mwaka 2020 akapoteza mguu mmoja wa nyuma. Dume wa miguu mitatu, kwa desturi, ni dume aliyekwisha kufa. Tibu hakumwacha. Mwezi wa Februari 2024, saa chache baada ya kushindwa na madume wengine katika ugomvi wa majike, ndugu hao waliingia usiku katika mfereji wa Kazinga, uunganishao ziwa Edward na ziwa George, ambamo mna mamba na viboko. Walijaribu wakarudi, wakajaribu tena wakarudi. Mwishowe walivuka. Wataalamu waliokuwa wakiwatazama kwa chombo kirukacho angani, chenye kamera ionayo joto la mwili gizani, walikadiria kwamba waliogelea kilomita moja na nusu. Katika hifadhi ile majike wamepungua kwa sababu ya sumu na mitego, na yadhaniwa kwamba majike ndio waliokuwa wakitafutwa ng'ambo ya maji.