Sufuria Moja kwa Watu Kumi na Wawili

Hadithi! Hadithi njoo. Kaeni vizuri basi, wajukuu, maana leo sina sungura wala fisi. Leo nina sufuria, ile kubwa ya shughuli inayoazimwa kwa jirani siku ya harusi na siku ya msiba, ambayo ikishajaa huinuliwa na watu wawili. Inatoka Buterere na inakwenda ziwani, nanyi mtaifuata.

Buterere iko upande wa kaskazini wa Bujumbura, kwenye tambarare ya Imbo, jirani na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Ni mahali pa joto, pa mpunga na lengalenga. Tuweke hapo familia moja: bibi, baba, mama, shangazi aliyekuja kutoka mtaa wa Buyenzi, mjomba, na watoto saba. Likizo kubwa imefika, ni Julai, mvua hakuna, na wameamua kulala kwenye mahema siku mbili ufukweni mwa Tanganyika, kusini kidogo mwa mji, upande wa Mugere. Familia hii nimeitunga mimi ili tupate watu wa kuwalisha. Ziwa, samaki na moto ni vya kweli, na kila kitakachopikwa humu kinapikika.

Mtoto mdogo kuliko wote anauliza: "Bibi, huko tutakula nini?" Bibi anamjibu: "Uliza kwanza tutapikia wapi."

Jibu la bibi ndilo hadithi yenyewe. Jikoni nyumbani kuna majiko mawili au matatu ya makaa, meza, maji ya bomba, na jirani wa kuazima chumvi kwake. Ufukweni kuna moto mmoja na upepo. Anayepanga chakula cha kambini kwa kufikiria utamu peke yake atajikuta saa tatu usiku anapuliza moshi na watoto wanalia njaa. Kwa hiyo bibi anaanza kupunguza. Sombe inabaki nyumbani, ingawa kila mtu anaipenda: majani ya muhogo lazima yatwangwe, kisha yachemshwe muda mrefu bila kufunikwa ili sumu yake itoke, na kazi hiyo inamaliza makaa mengi. Pilau nayo inabaki. Shangazi wa Buyenzi ananuna kidogo, maana pilau yake inasifiwa mtaa mzima, lakini hata yeye anajua kwamba pilau hutaka moto wa chini ulio sawa na moto mwingine juu ya mfuniko, na upepo wa ziwani haumngojei mpishi. Vinavyosafiri ni vyakula vya sufuria moja, ambavyo mtu akichelewa kuvitazama havimwadhibu. Hapo maharage yanakuwa mfalme.

Usiku wa kuamkia safari, mama anapima kilo moja na nusu ya maharage makavu. Kwa watu kumi na wawili inatosha, na kinabaki kidogo cha asubuhi. Watoto wanayachagua, wanatoa mawe na yaliyotobolewa, wanayaosha, wanayaloweka katika maji mengi. Maharage yaliyolala majini hunywa maji mpaka ndani, na kesho yake hayatahitaji moto mrefu. Asubuhi maji yale yanamwagwa, hayapikiwi.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hili ni la afya zenu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, ambayo mmea hujilindia dhidi ya wanaotaka kuutafuna. Mtu akila maharage yaliyopashwa tu, hata kiganja kimoja, anaweza kutapika na kuharisha vibaya. Mchemko mkali wa dakika kumi au zaidi unaiharibu sumu hiyo. Moto wa uvuguvugu hauiharibu, hata ukikaa nao saa nyingi. Ndiyo maana mpishi mzuri wa maharage huanza na moto wa kelele, maji yakirukaruka, kisha ndipo anaupunguza.

Familia inaondoka mapema. Mafuta ya gari yamekuwa adimu Burundi miaka hii, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua ufuo wa karibu badala ya kushuka hadi Rumonge. Ndani ya gari kuna maharage yaliyolowekwa, ndizi za kupika, unga wa muhogo, vitunguu, nyanya, chumvi, pilipili, ndimu, viazi vitamu, ndagala wakavu (dagaa wa ziwa hili) kwenye mfuko wa karatasi, unga wa uji, chupa ya mawese, makaa, na madumu ya maji. Madumu yale ni mazito na watoto wanalalamika: ziwa zima liko pale, maji ya nini? Tanganyika kweli ni kubwa, lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake hupita mita 1,400. Lakini maji ya ufukweni hupokea kila kinachotoka mitaroni na mitoni, na kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni kando ya ziwa hili. Mwanzoni mwa 2023 kilitangazwa Bujumbura. Maji ya kunywa na ya kuoshea vyombo yatoke nyumbani, au yachemshwe kwanza mpaka yatokote. Ya ziwani ni ya kuogelea, pale wakubwa waliporuhusu.

Mjomba ndiye anayechagua mahali pa kambi. Anakaa mbali na matete na mbali na midomo ya mito, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na wameshaonekana hata mitaani Bujumbura. Kiboko ana njia zake, na hema likiwa njiani mwake hatalizunguka. Kwa sababu hiyo hiyo chakula cha jioni kitaivishwa kabla ya giza.

Kisha mafiga. Watoto wawili wanakimbilia majini, wanarudi na mawe mazuri ya mviringo yanayong'aa. Mjomba anayakataa. Jiwe lililokaa majini lina maji katika nyufa zake. Likikalia moto, maji yale yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia ya kutoka, na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Mafiga yachukuliwe mahali pakavu, matatu, yenye urefu mmoja. Matatu yanatosha, kwa kuwa kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa si sawa. Mlango wa moto unaelekezwa upande ambao upepo hautausukuma moshi kwenye mahema.

Wakati maharage yanachemka, bibi anawasimulia watoto kwamba hawakuwa wa kwanza kupika kwa kundi upande huu. Pale Mugere kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wale wawili walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi, kulichunguza ziwa upande wa kaskazini na kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia, waliuona kwa macho yao. Majina yaliyochongwa ni mawili, lakini mtumbwini walikuwa watu wapatao ishirini: wapiga makasia, waelekezaji kutoka Ujiji, na mpishi wa Stanley aliyeitwa Feraji. Mimi kila nikilifikiria jiwe lile humfikiria Feraji. Watu ishirini wenye njaa, wametoka kupiga kasia tangu asubuhi, wanashuka ufukweni, na yeye ndiye anayetakiwa kuwasha moto. Nani aliyechonga jina lake?

Maharage yamelainika. Unajuaje? Bonyeza moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Likisagika bila meno kusaidia, tayari. Ndizi zilizomenywa zinaingia sasa, zikiwa nzima au zimekatwa mara mbili. Anayezimenya ajipake mafuta mikononi kwanza, la sivyo utomvu utamwachia vidole vyeusi. Ndizi zikiiva, vitunguu vinakaangwa pembeni kwa mawese na kumiminwa ndani, pamoja na chumvi. Nyanya huja mwisho kabisa, na si kwa sababu ya mapambo. Ukali wa nyanya, ule unaoutambua kwa ulimi, hukaza ganda la haragwe. Ukitia nyanya mapema, utapika mpaka jogoo awike na maharage yatabaki magumu. Wapo wapishi wakubwa wanaolaumu maharage ya sokoni, kumbe ni nyanya zao zilizotangulia.

Wanakula kwa sinia, watoto sinia lao, wakubwa lao, mikono ikiwa imeoshwa kwa maji ya dumu na sabuni. Baadaye viazi vitamu vinafukiwa kwenye majivu ya moto pamoja na maganda yake, kimoja kwa kila mtoto, kwa muda wa dakika arubaini hivi. Mtoto aliyekifukia ndiye anayekifukua, kwa kijiti, si kwa mkono.

Asubuhi ni uji. Sitakaa sana hapo, kila mtu anajua uji. Koroga unga kwa maji baridi kwanza kabla ya kuumimina kwenye maji yanayochemka, usipate madonge. Mabaki ya maharage ya jana yanachemshwa upya mpaka yatoe mapovu, maana usiku wa Imbo ni wa joto na chakula kilicholala hakiaminiwi hivi hivi.

Mchana wa siku ya pili kila mtu anataka samaki aina ya mukeke wa kuchoma. Mtoto mkubwa na mjomba wanatumwa kwa wavuvi, wanarudi mikono mitupu. Jana usiku mahema yalikuwa meupe kwa mbalamwezi, watoto walicheza mpaka wakachoka, na mbalamwezi ile ndiyo iliyowanyima samaki. Wavuvi wa Tanganyika huvua ndagala na mukeke usiku kwa taa. Mwanga wa taa gizani huwakusanya ndagala, na mukeke huwafuata ndagala ili awale. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haimwiti samaki yeyote. Basi wavuvi wengi hupumzika siku hizo na kushona nyavu. Kwa hiyo anayepanga kambi achague mapema: mwezi wa kuchezea au samaki mbichi. Ni vigumu kupata vyote viwili.

Bibi hashtuki. Ndiyo sababu alibeba ndagala wakavu. Zamani wengi walianikwa juu ya mchanga, na mlaji aliusikia mchanga menoni. Katika miaka ya 2000 shirika la FAO lilifanya kazi na wavuvi wa Burundi kuwaanika juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa, ambapo hewa hupita juu na chini. Samaki hukauka haraka, na kuku na mbuzi hawamfikii. Hata hivyo watoto wanapewa kazi ya kuwachagua na kuwaosha mara mbili. Kisha mawese kidogo, vitunguu, ndagala wanakaangwa mpaka wanukie, nyanya, pilipili moja nzima isiyopasuliwa ili mdogo naye aweze kula, na maji kikombe. Robo saa tu. Mchuzi unawekwa kando, sufuria kubwa inarudi mafigani na maji ya ugali.

Unga wa muhogo ni rafiki wa mpiga kambi kwa kuwa unaiva upesi kuliko wa mahindi. Kwa watu kumi na wawili ni kilo mbili hivi, na mikono miwili haitoshi: baba anashika mwiko, mjomba anaishikilia sufuria kwa vitambaa, na mama anamimina unga. Watoto wanakaa mbali hatua tano. Ugali unaorushwa na mwiko unaunguza na kung'ang'ania ngozi.

Siku ya tatu asubuhi moto unazimwa kwa maji, majivu yanakorogwa, maji tena, mpaka mkono ukikaribia hausikii joto. Maganda ya ndizi yanafukiwa. Mifuko na chupa zinarudi garini, zote. Watoto wa Buterere hawahitaji kuambiwa mara mbili kuhusu hilo: jalala la jiji liko kwao, wanayaona malori yakija kila siku, na wanajua kwamba kinachotupwa lazima kiishie mlangoni kwa mtu.

Njiani mtoto mdogo anauliza kama mwaka ujao wanaweza kwenda Kibira, kwenye msitu wa milimani, na kupika maharage yale yale. Bibi anacheka. Ziwa letu liko mita 774 hivi juu ya bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 97 za selsiasi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji sana, nayo hutokota mapema yakiwa hayajapata joto lile. Kwenye mita 2,200 ni kama nyuzi 93 tu. Sufuria itaruka mapovu, utadhani mambo yako tayari, kumbe haragwe ndani ni gumu. Maharage yaliyoiva kwa saa moja na nusu ufukweni yatataka muda mrefu zaidi kule juu, na Kibira ni hifadhi ya taifa, kuni zake hazikatwi. Basi ukienda milimani loweka usiku kucha na ubebe makaa ya ziada, au simama Bugarama, ununue viazi ulaya, karoti na kabichi kwa wale wauzaji wa kando ya barabara, uvikate vidogo, vitaiva kabla baridi haijawaingia watoto mifupani.