Mshahara huanzia getini

Karani wa mishahara wa Tanzania hana haja ya kutazama kalenda kujua tarehe 7 imekaribia. Ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka Mamlaka ya Mapato kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, ile PAYE, pamoja na tozo ya ufundi stadi, SDL. Ikipita, riba na faini zinaanza kuhesabiwa. Tarehe 15 ni zamu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kabla mwezi haujaisha wanasubiri NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katikati ya hao wapo chama cha wafanyakazi, SACCOS na benki iliyokopesha nusu ya kiwanda. Wenzake humwona kama mtu wa kulipa, kumbe sehemu kubwa ya mwezi wake ni kukusanya, tena kwa niaba ya wadai ambao hawamlipi hata senti moja.

Tuchukue fundi wa mashine katika kiwanda cha wastani kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000, alisoma kwa mkopo wa Bodi, na mwezi huu amefanya saa 20 za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka wiki ya kawaida kuwa saa 45, na inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wa wiki. Makarani wameshaifupisha hesabu hiyo: gawanya kwa 195 upate bei ya saa. Saa ya fundi huyu ni 4,000. Ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 6,000, kwa hiyo ovataimu ni 120,000 na mshahara ghafi ni 900,000. NSSF inachukua asilimia 10, ambayo ni 90,000. Kodi inapigwa kwenye 810,000 zilizobaki: 68,000 za ngazi za chini, na robo ya zile 50,000 zilizovuka 760,000, jumla 80,500. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 117,000. Fundi anaondoka na 612,500.

Upande wa mwajiri hesabu haijaisha. Anaongeza 90,000 zake za NSSF, 31,500 za SDL ambayo ni asilimia 3.5 kwa mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na 4,500 za Mfuko wa Fidia. Fundi huyo mmoja amemgharimu 1,026,000. Kati ya kiasi hicho na kile kilichofika kwenye simu au benki ya fundi zipo shilingi 413,500 zilizopitia mezani kwa karani kwenda kwingine, na zote lazima zilingane na risiti.

Hesabu yote hiyo programu huimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wauzaji wa mifumo wamewaambia wakurugenzi kwamba dawati la karani litafungwa. Halijafungwa, na sababu yake ni ile namba 20. Programu haijui saa 20 za ovataimu zimetoka wapi, nani aliziruhusu, na kama fundi alikuwa kwenye mashine au kwa mama lishe. Inapewa namba, inazidisha. Kwa maoni yangu waajiri wengi wameweka pesa mahali pasipo na tatizo: wananunua mfumo ghali wa kukokotoa mshahara, halafu kazi ya kuandika nani kaingia saa ngapi wanamwachia mlinzi wa getini.

Na kuandika muda ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kitabu cha getini huandikwa kwa saa zetu, mashine ya mahudhurio inasoma saa 24. Mtu wa zamu ya usiku akiandika ameingia saa 1:00 na ametoka saa 1:00, kitabuni hiyo ni namba moja iliyorudiwa, kwa mashine ni 19:00 na 07:00. Mashine iliyofungwa na fundi asiyeuliza maswali huona usiku wa manane umekata zamu vipande viwili, ikatoa taarifa kwamba mtu aliingia Jumanne asitoke, kisha akatoka Jumatano bila kuingia. Karani ndiye anayekaa na orodha hiyo na kurekebisha mstari mmoja mmoja.

Sheria nayo ina usiku wake, unaoanza saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na kila saa ya humo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Zamu ya saa 1:00 hadi saa 1:00 basi ina saa 10 zenye nyongeza na mbili zisizo nayo. Zamu hiyo ikianza Oktoba 13 inaishia ndani ya Siku ya Nyerere, na saa za sikukuu zinalipwa mara mbili, kwa hiyo saa saba za mwisho zina bei yake. Nyerere angalau ana tarehe. Idi inasubiri mwezi uandame, na ratiba ya zamu hubandikwa ukutani kabla haijajulikana ni nani atakuwa kazini siku ya kawaida na nani atakuwa kazini siku ya sikukuu. Halafu kuna mgonjwa: siku 63 za kwanza za likizo ya ugonjwa analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Asiyekuwa na kumbukumbu safi hulipa kamili hadi mkaguzi amkamate, au hukata nusu mapema na kupelekwa chama cha wafanyakazi.

Pale kwenye ovataimu ndipo penye vishawishi. Sheria inaruhusu saa 50 za ziada katika wiki nne, si zaidi. Oda kubwa ikija, saa hizo huisha kabla ya mzigo. Wapo waajiri wanaomwomba karani “azisogeze” saa zilizobaki hadi mwezi ujao, au azilipe kwa jina la posho ili zisionekane. Kwenye karatasi kila kitu kinakaa sawa. Mfanyakazi aliyesimama saa 14 anajua hakikukaa sawa, na siku akigombana na bosi atakumbuka tarehe zote.

Uwezo huu wa kalamu haukuanza jana. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro enzi ya Waingereza, kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kadi ilitiwa alama, na malipo yalitoka kadi ilipojaa. Alitakiwa aijaze ndani ya siku 42. Aliyeshikwa na homa, aliyeambiwa kazi yake haikutimia, siku yake haikuandikwa. Mwenye kadi alikuwa na jembe au panga, aliyeamua kama siku ilikuwepo alikuwa na kalamu. Manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge walilijua hilo kuliko mwanasheria yeyote.

Leo hali hiyo utaikuta kwa deiwaka. Kwenye ujenzi, kwenye magodauni na viwanda vya kusindika, orodha ya vibarua wa siku huletwa na nyapara ikiwa imeandikwa kwa mkono, na mwisho wa wiki pesa zinatumwa kwa simu. Karani hajawahi kuwaona wengi wao. Jina la 31 kwenye orodha ya watu 30 halihitaji utaalamu wowote kuliweka, linahitaji namba ya simu tu.

Serikali yenyewe ililipia somo hilo. Machi 2016 Rais John Magufuli aliagiza mikoa ihakiki watumishi hewa. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, alitangaza kwamba mkoa wake hauna hata mmoja. Uhakiki ukarudiwa, wakapatikana, na Aprili mwaka huo akaondolewa kazini. Hadi katikati ya 2016 majina yaliyofutwa nchini yalikuwa yamepita 10,000. Na mishahara hiyo ilipita kwenye mfumo wa kompyuta wa utumishi, si kwenye madaftari. Mfumo ulikuwa ukilipa sawasawa ulichoambiwa. Aliyefariki, aliyestaafu au aliyeacha kazi kijijini aliendelea kuhudhuria kwenye kompyuta kwa sababu hakuna aliyepeleka taarifa kwamba hayupo, au aliyetakiwa kupeleka alikuwa na sababu zake za kunyamaza.

Jirani zetu wa Kenya wana maumivu ya aina nyingine. Huko viwango vyenyewe havitulii. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza kukatwa mwaka 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba kwamba ni kinyume cha Katiba, Januari 2024 makato yakasimama, Machi sheria mpya ikayarudisha. Oktoba mwaka huohuo mfuko wa bima ya afya, NHIF, ukazikwa, ikaja bima mpya ya afya inayokata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Desemba sheria ya kodi ikabadilishwa ili makato hayo mawili yatolewe kabla ya kodi. Mipaka ya NSSF yao nayo imekuwa ikipanda kila Februari tangu 2023. Karani wa Nairobi anayelipa kwa jedwali lake la Excel amefungua fomula zake mara nyingi kuliko alivyochukua likizo. Wakenya wana kinga moja nzuri: sheria yao ya ajira ya 2007 inazuia makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Watumishi wa umma wa Tanzania nao wanaijua “moja ya tatu” inayopaswa kubaki. Wa sekta binafsi anayedaiwa na wakopeshaji wa kausha damu hupeleka kadi yake ya benki kwa mkopeshaji, na karani huja kushangaa kwa nini mtu mwenye mshahara anaomba advansi tarehe 3.

Wanaoingia kwenye kazi hii wengi hutoka vyuo vya uhasibu na biashara: TIA, CBE, IFM. Wanafika wakijua kodi na kuingiza daftarini. Zamu, geti na nyapara wanavikuta kazini. Kampuni kubwa zimeanza kutoa kazi yote nje, kwa mawakala wa ajira na ofisi za wahasibu, na hilo limesogeza karani mbali zaidi na watu anaowahesabia. Kampuni ndogo zina shida kinyume chake: mtu mmoja anaandika mahudhurio, anakokotoa, anaandaa malipo na kuyatuma. Mkaguzi yeyote atasema kazi hizo zigawanywe. Mwenye kampuni ya watu 12 atauliza mshahara wa mtu wa pili utoke wapi, na swali lake si la kijinga.

Mashine za kuweka dole zililetwa kumaliza ubishi. Zimepunguza mtindo wa kumsainia mwenzako, hilo tuzikubalie. Lakini vidole vya anayebeba saruji au kupara samaki huchakaa, na mashine inamkataa mtu aliyesimama mbele yake. Foleni inarefuka, mlinzi anatoa kitabu, na tunarudi kwenye kalamu. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu alama ya kidole kuwa taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwenye Tume husika. Ofisi nyingi zilifunga mashine bila kumuuliza mtu yeyote, na aliyeacha kazi mwaka juzi dole lake bado limo.

Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfanyakazi ana siku 60 za kudai malipo yake, na mwajiri asipoonyesha maandishi ya masharti ya kazi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hapo karani huitwa aeleze kwa nini tarehe fulani saa zilirekebishwa, na nani aliidhinisha. Ofisi zinazojali huweka saini mbili, ya msimamizi na ya mfanyakazi mwenyewe, kwenye kila sahihisho siku hiyohiyo, kabla mwezi haujafungwa. Hakuna mfumo wa kununua hapo. Ni karatasi, kalamu, na msimamizi anayekubali kutembea hadi dawatini.